Kutoka "Siasa ni Kilimo" hadi tango la kitalu nyumba

Mwaka 1972, mjini Iringa, TANU ilitoa azimio la "Siasa ni Kilimo". Nyanda za Juu Kusini zikabebeshwa mahindi ya taifa, na muda si mrefu mnunuzi akawa NMC, shirika la umma.

Leo, kati ya Iringa na Mbeya, naona vijana wakilima matango ndani ya vitalu nyumba. Plastiki huyakinga na baridi ya Juni na Julai. Mbegu zake maalumu huzaa bila hata nyuki. Ujuzi upo. Ila mahindi yaliweza kungoja lori ghalani, tango hunyauka baada ya siku chache, na dalali analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kilimo Kwanza ya 2009 ilimwita mwekezaji. Kijana aliyekopa fedha za plastiki bado anauliza: mnunuzi wangu ni nani?