Kocha wa mapozi

Kocha wa mapozi ni mwalimu anayemfundisha mshiriki wa mashindano ya kutunisha misuli namna ya kusimama, kugeuka na kukaza misuli mbele ya majaji. Kazi yake ni tofauti na ya mwalimu wa vyuma, ingawa mara nyingi mtu mmoja hufanya zote mbili. Kwa anayeshindana mara ya kwanza ndiye msaidizi anayesahaulika zaidi: fedha huishia kwenye chakula na ada ya jimu, na mapozi huachwa hadi wiki ya mwisho.

Anahitajika kwa sababu ya namna mchezo huu unavyoamuliwa. Majaji hawapimi uzito ambao mtu anaweza kunyanyua. Wanaangalia ukubwa wa misuli, uwiano wa sehemu za mwili na jinsi misuli ilivyochongeka, na huyaona hayo jukwaani tu, washiriki wakiwa wamepangwa mstari mmoja na kulinganishwa. Mwenye mgongo mpana asiyejua kuutandaza huonekana hana mgongo.

Historia

Mashindano makubwa ya kwanza ya kutunisha misuli yaliandaliwa na Eugen Sandow katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, tarehe 14 Septemba 1901. Mwandishi Arthur Conan Doyle alikuwa miongoni mwa majaji, na mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham. Shirikisho la kimataifa, IFBB, lilianzishwa mwaka 1946 na ndugu wawili wa Kanada, Ben na Joe Weider. Shindano la Mr. Olympia lilianza mwaka 1965.

Filamu ya Pumping Iron (1977) ilionyesha wazi kwamba mapozi hufundishwa. Inaanza na Arnold Schwarzenegger na Franco Columbu wakielekezwa na mwalimu wa dansi ya baleti jinsi ya kupeleka mikono na kugeuza kiwiliwili. Sehemu kubwa ya filamu hiyo inahusu Mr. Olympia ya mwaka 1975 iliyofanyika Pretoria, Afrika Kusini.

Kinachofundishwa

Katika kundi la wanaume la kutunisha misuli, IFBB ina mapozi saba ya lazima: baisepsi kwa mbele, mbawa kwa mbele, kifua kwa ubavu, baisepsi kwa nyuma, mbawa kwa nyuma, traisepsi kwa ubavu, na tumbo pamoja na mapaja. Makundi mengine hayafanani na hili. Katika kundi la wanaume wanaovaa bukta ndefu, na katika kundi la bikini la wanawake, mshiriki hugeuka robo kwa robo bila kufanya mapozi hayo saba. Kwa hiyo swali la kwanza la kocha mzuri ni moja: unaingia kundi gani? Anayeanza kufundisha bila kuuliza hivyo anafundisha anachokijua yeye, si kile mwanafunzi atakachoulizwa jukwaani.

Pozi hujengwa kutoka miguuni kwenda juu. Katika baisepsi kwa nyuma, kwa mfano, mguu mmoja hurudishwa nyuma na kisigino huinuliwa ili kigimbi kitokeze. Kisha hukazwa paja, makalio, kiuno, na mikono huja mwisho. Anayeanza hufanya kinyume: hukaza mikono na kuisahau miguu, na jaji huona nusu ya mtu. Katika pozi la tumbo mikono huwekwa nyuma ya kichwa na pumzi hutolewa nje ndipo tumbo likazwe. Katika kifua kwa ubavu mshiriki huchagua upande wake bora, na kuutambua upande huo kunahitaji jicho la mtu mwingine.

Jambo gumu zaidi ni kudumu. Majaji wanaweza kuita ulinganisho mara kadhaa, na anayetetemeka au kubana pumzi huanza kuharibika usoni kabla ya mwilini. Hata anayesubiri pembeni ya jukwaa bado anaonekana, kwa hiyo halegezi tumbo. Makocha wengi hushauri kuanza wiki 8 hadi 12 kabla ya shindano, kwanza mbele ya kioo, kisha bila kioo, kwa kuwa jukwaani hakuna kioo. Baada ya mapozi ya lazima hufundishwa onyesho la muziki, ambalo katika ngazi ya ridhaa huwa kwa kawaida si zaidi ya sekunde 60.

Kumpata kocha mbali na miji mikubwa

Mshiriki anayeishi Ufukoni, kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, yuko zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Kwake njia rahisi ni kujirekodi kwa simu na kumtumia kocha video ili azikosoe. Video ya manufaa huonyesha mwili mzima hadi nyayo, simu ikiwa imesimamishwa usawa wa kiuno, na taa ikitokea juu kama ya jukwaani. Safari moja ya kukutana ana kwa ana karibu na siku ya shindano ina thamani kuliko vipindi vingi vya simu mwanzoni.

Kabla ya kulipa, pande mbili hukubaliana idadi ya vipindi, video zitajibiwa ndani ya siku ngapi, na iwapo kocha atakuwepo nyuma ya jukwaa. Medali zake mwenyewe hazitoshi kumpima. Picha za wanafunzi wake, za mwanzo na za siku ya shindano, husema zaidi. Anayeahidi ushindi, au ambaye atakuwa jaji katika shindano hilohilo, ni wa kuepukwa. Kocha hurekebisha mkao kwa mkono pale tu mwanafunzi anaporidhia, na mwanamke ana haki ya kuja na dada au rafiki, au kufanya mazoezi akiwa na nguo za kubana badala ya vazi la jukwaani.

Afya

Kukaza misuli mfululizo huchosha na huleta mikakamao, hasa kwa mwili uliokosa maji. Baadhi ya washiriki huacha kunywa maji au kumeza dawa za kukojosha ili ngozi ionekane nyembamba. Dawa hizo zimepigwa marufuku na shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA, wakati wote, si siku ya shindano pekee. Mwaka 1992 Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alifariki nchini Uholanzi muda mfupi baada ya kushindana, na kifo chake kimehusishwa na upungufu wa maji mwilini. Kocha wa mapozi si daktari wala mfamasia. Mwanafunzi akipata kizunguzungu au mapigo ya moyo yakienda mbio, mazoezi husimamishwa na hupelekwa kituo cha afya, hata kama shindano ni kesho.