Ndiga, Mchunga na Mbuyu: Akiba ya Wazee Porini

Leo tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze habari za vyakula na dawa ambazo babu zetu wa Bagamoyo, Saadani na Uzigua walizichuma porini bila kuzipanda.

Huenda mwenzetu mmoja akasema, "Hayo mambo ya kizamani, sisi tuna mahindi." Sawa kabisa. Lakini mahindi yanataka mvua. Mwaka 1894 nzige waliivamia nchi yetu, wakamaliza mashamba. Watu hawajainuka vizuri, mvua nazo zikakosekana, na mwaka 1898 na 1899 njaa kubwa ikaingia Uzigua, Bonde na Usambara. Ghala tupu, mbegu hakuna. Wakati kama huo mtu hukimbilia porini, na aliyelijua pori ndiye alikuwa na akiba.

Chukua ndiga. Ni kiazi cha porini, mmea wake hutambaa juu ya miti. Ndiga ina sumu: ukiipika kama muhogo na kuila, unapata kizunguzungu, unatapika, hata kufa. Basi wazee waliilaje? Waliimenya, wakaikata vipande vyembamba, wakailoweka siku kadhaa katika maji yanayopita mtoni, ndipo wakaichemsha. Kazi hiyo ilikuwa na fundi wake, mara nyingi bibi wa nyumba. Kwa hiyo chakula hakikuwa ndiga peke yake; chakula kilikuwa ndiga pamoja na maarifa ya bibi. Bibi akifa bila kumfundisha mjukuu, inabaki sumu.

Tuje kwenye mboga. Mchunga huota wenyewe shambani, nasi tunaupalilia kama magugu. Ni mchungu kama jina lake, lakini ukichemshwa, maji yakamwagwa, ukatiwa tui la nazi, ugali unateremka. Wazee wengine hunywa maji yake kwa maumivu ya tumbo. Na mbuyu je? Majani yake machanga ni mboga, na unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Padre mmoja Mfaransa, Charles Sacleux, alifanya kazi Zanzibar na Bagamoyo tangu mwaka 1879 hadi 1898. Alikusanya mimea ya pwani na majina yake ya Kiswahili, akayaweka katika kamusi yake kubwa iliyochapishwa Paris mwaka 1939 na 1941. Majina hayo hakuyabuni yeye. Aliyapata kwa wenyeji: wavuvi, wakulima, waganga, kina mama. Kitabu kina jina la padre. Wale waliomfundisha, wengi hatuwajui. Na wajukuu wao leo wangapi wanaweza kuitaja miti kumi ya msitu wao?

Msitu wenyewe nao unapungua. Mwingine umekwisha kwa mkaa. Mwingine, kama Zaraninge, uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005, na humo huingii kuchuma upendavyo. Serikali nayo haikulala: tangu mwaka 1974 pale Muhimbili kuna wataalamu wanaochunguza dawa za asili. Lakini mtaalamu atachunguza nini, ikiwa mti umekatwa na mzee amezikwa?

Basi, ndugu mkulima, tufanye mambo matatu. Kwanza, unapopalilia, bakiza mchunga pembeni mwa shamba, na mbuyu usiukate. Pili, mchukue mtoto, mwende kwa bibi au babu, aonyeshwe mmea wenyewe kwa macho, aambiwe jina lake, matumizi yake na hatari yake. Akiwa anajua kuandika, aandike, na jina la aliyemfundisha aliandike pia. Tatu, usijaribu ndiga wala mzizi wowote usioujua kwa sababu tu umesikia habari zake hapa. Na mgonjwa apelekwe zahanati mapema; dawa ya mitishamba isimcheleweshe.

Mvua ni ya Mungu, lakini maarifa ni ya kwetu. Tusiyaache yakazikwa. Kwa leo ni hayo. Kazi njema shambani, na kwaherini.