Choroa mweupe wa Oman: alitoweka, akarudishwa, akaibiwa

Leo tupumzike kidogo na habari za viza, kodi za nyumba na joto. Nataka niwape historia ya mnyama mmoja wa nchi hii, kwa sababu ndani yake kuna Kenya na kuna somo kwetu sote.

Ukikaa Maskati huwezi kumkwepa mnyama huyu, ingawa huenda usimwone hai hata siku moja. Yumo kwenye jina la vituo vya mafuta vya Al Maha, na mabinti wengi hapa wanaitwa Maha. Kwa Kiswahili ni choroa, ila huyu wa Arabuni ni mdogo kuliko yule wa kwetu na ni mweupe. Dume mzima ana uzito wa kilo 70 hivi. Pembe zake ni ndefu na zimenyooka, na akisimama ubavu zinaonekana kama pembe moja tu. Wapo wanaosema zile hadithi za farasi mwenye pembe moja zilianzia kwake.

Makao yake ya mwisho yalikuwa Jiddat al-Harasis, uwanda wa mawe na changarawe ulio kati ya Maskati na Salala, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Hakuna mto wala ziwa. Choroa aliishi kwa umande wa ukungu unaotoka baharini na kwa maji yaliyomo ndani ya majani. Mvua ikinyesha mbali aliweza kutembea masafa marefu kuyafuata malisho.

Sasa swali: mnyama aliyelishinda jangwa kwa maelfu ya miaka, nini kilimmaliza? Si jua, jamani. Ni gari na bunduki. Zamani mwindaji alipanda ngamia, akafuata nyayo kwa siku kadhaa ili apate mmoja wa kula na jamaa zake. Baada ya Vita Kuu ya Pili yakaja magari ya jangwani na bunduki za kisasa. Watu wakaanza kuwinda kwa anasa, na kwa siku moja wakaua wengi kuliko alioweza kuua mzee wa ngamia kwa mwaka mzima.

Kufika mwaka 1962 hali ilikuwa mbaya, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Chama kimoja cha Uingereza cha kuhifadhi wanyama kilianzisha mpango ulioitwa Operation Oryx: wakamatwe choroa wachache walio hai, wakazalishwe mahali salama. Msafara uliongozwa na Meja Ian Grimwood, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa askari wa wanyamapori Kenya. Walikwenda mashariki ya himaya ya Aden, karibu na mpaka wa Oman, wakazunguka jangwani na kuambulia wanne tu: madume matatu na jike mmoja. Dume mmoja akafa. Wale watatu wakasafirishwa hadi wapi? Isiolo, Kenya! Ndiyo, Isiolo hiyo hiyo, nchi ya binamu zao choroa wa Afrika. Mwaka 1963 wakapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Phoenix, Arizona, kwa kuwa hali ya hewa ya kule inafanana na ya Arabuni.

Watatu hawatoshi kuanzisha ukoo. Bustani ya London ikatoa jike mmoja, sheikh mmoja wa Kuwait akatoa mwingine, na Mfalme Saud wa Saudi Arabia akatoa wanne. Jumla tisa. Wakaitwa Kundi la Dunia, na wakaanza kuzaa.

Huku nyumbani risasi hazikukoma. Mwezi wa Oktoba 1972, pale Jiddat al-Harasis, majangili waliwaua choroa wa mwisho waliokuwa wakiishi porini. Basi, kwisha. Mnyama wa Arabuni akawa hayupo tena katika pori la Arabuni, isipokuwa ndani ya ua.

Marehemu Sultan Qaboos, aliyeshika nchi mwaka 1970, alitaka warudi. Mwaka 1980 choroa wa kwanza wakaletwa kwa ndege kutoka Marekani, wakawekwa Yalooni, katikati ya uwanda ule ule. Hebu fikiria: wamezaliwa ugenini, hawajawahi kuliona jangwa la babu zao. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio wazoeane na nchi na wazoeane wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu choroa huishi kwa kundi lenye mpangilio wake. Tarehe 31 Januari 1982 lango likafunguliwa, wakatoka kumi. Kundi la pili likafuata mwaka 1984.

Msimamizi wa kazi hiyo, Mark Stanley Price, alikuwa ameshafanya utafiti wa choroa Kenya. Lakini waliokuwa na macho ya kazi yenyewe ni Waharasi, wafugaji wa uwanda ule, ambao wana lugha yao wenyewe isiyo Kiarabu. Waliajiriwa kuwa walinzi. Walijua kusoma nyayo, na walimkumbuka mnyama wao.

Mambo yakanoga. Mwaka 1994 UNESCO ikaliingiza eneo hilo kwenye Urithi wa Dunia, na kufika 1996 choroa wa porini walikuwa wamepita 400. Watu wakapongezana.

Waswahili tunasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mwaka huo huo wa 1996 ujangili ukarudi kwa sura mpya. Safari hii hawakutaka nyama. Walitaka kuwakamata wakiwa hai, hasa majike, wakauzwe nje ya Oman kwa matajiri wanaofuga wanyama. Wengi walikufa wakifukuzwa au wakiwa wamefungwa kamba. Majike yakipungua kundi halina kesho, na ndani ya miaka mitatu hali ikawa ya kutisha, mpaka ikabidi baadhi warudishwe ndani ya uzio ili wanusurike. Baadaye serikali ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na kulikuwa na mipango ya kutafuta mafuta. Mwaka 2007 UNESCO ikalifuta eneo hilo kwenye orodha yake. Lilikuwa la kwanza duniani kufutwa.

Hata hivyo ukoo haukukatika. Nchi jirani nazo zilikuwa zimewarudisha wa kwao, na mwaka 2011 shirika la IUCN lilihesabu kama 1,000 porini, likamtoa choroa wa Arabuni kwenye kundi la walio hatarini na kumweka kwenye kundi lenye nafuu. Alikuwa mnyama wa kwanza aliyewahi kutoweka porini kupanda hatua zote hizo. Hapa Oman wapo mamia katika hifadhi ya al-Wusta, nyuma ya uzio na walinzi.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Yule binamu wa Isiolo, choroa wetu ambaye mwaka 1962 hakuna aliyemwonea wasiwasi, mwaka 2018 IUCN ilimweka kwenye orodha ya walio hatarini. Wamepishana njiani! Na kule Unguja tulikuwa na chui wetu, ambaye wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka. Yeye hakuwekewa akiba popote, si Phoenix wala London.

Oman ilikuwa na bahati ya wale tisa. Sisi wa kwetu tuwalinde wakiwa bado mamia na maelfu, maana kuwarudisha ni gharama ya miaka hamsini, na hata ukifanikiwa, mwizi anaweza kuja na kamba usiku mmoja.

Wenye habari za choroa wa Mkomazi, Tsavo au Isiolo, niandikieni hapo chini. Wasalaam.