Ukarabati wa kumbukumbu ya ZX Spectrum

ZX Spectrum ni kompyuta ya nyumbani iliyotolewa na kampuni ya Sinclair Research ya Uingereza mwaka 1982. Toleo la 48K lina kumbukumbu ya sehemu mbili: kilobaiti 16 za chini, ambamo pia hukaa picha ya skrini, na kilobaiti 32 za juu. Ugonjwa mkubwa uko sehemu ya chini. Chipu zake 8 za aina ya 4116 huhitaji volti 5, volti 12 na volti hasi 5. Hii ya mwisho ikikatika, chipu huungua. Ndiyo maana fundi makini hupima umeme kwanza, hasa transista TR4 ya saketi inayozalisha volti hizo. Anayeruka hatua hii huweza kuunguza hata chipu mpya. Kila chipu hushika biti moja ya kila baiti, hivyo biti yenye hitilafu huonyesha chipu mbovu. Hiyo hung'olewa kwa kuyeyusha lehemu, na mahali pake huwekwa soketi. Sehemu ya juu ilitumia chipu za kilobiti 64 ambazo nusu tu ya kila moja ilikuwa nzima. Leo hubadilishwa kwa chipu za 4164 zilizo nzima.