Mikutano ya Wataalamu wa Sanaa: Mtazamo kutoka Cheptais

Historia ya mikutano ya waandishi na walimu wa fasihi katika Afrika Mashariki huelezwa aghalabu kutoka katika kumbi ilimofanyiwa. Katika makala haya tutaitazama kutoka Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Huko wasemaji wa Kisabaot na wa Lubukusu ni majirani, na Kiswahili huwaunganisha. Sehemu kubwa ya sanaa yao ya lugha imehifadhiwa vinywani. Kwa hiyo kila mkutano unaoamua sanaa ni ipi na chombo chake ni kipi, huamua pia kama watu hao wamo au hawamo.

Mkutano wa Makerere wa Juni 1962 uliwahusu Waafrika waandikao kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi, alihudhuria kwa sababu ya hadithi fupi alizokwisha kuzichapisha kwa lugha hiyo. Shaaban Robert hakuwamo, naye alifariki tarehe 22 ya mwezi huo huo. Ikiwa Kiswahili chenye diwani na riwaya kilibaki nje, lugha iliyotegemea masimulizi ingepita mlango gani?

Hata hivyo, chombo kipya kilikuwa kimekwisha kuwatangulia wataalamu. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, mtangazaji John Chemallan alizoea kutumia redioni neno lenye maana ya "nawaambia". Neno hilo, lililopokewa pia na wanafunzi wa Alliance High School, likawa jina la Wakalenjin: Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wengineo, Wasabaot wakiwamo. Redio basi iliwapa umoja watu wa lahaja mbalimbali. Lakini yafaa tukumbuke kwamba sauti inayounganisha yaweza pia kufunika: lahaja ya wachache hunyamazishwa kwa urahisi na usemi wa walio wengi.

Mwaka 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo. Mkutano wa walimu uliofanyika Nairobi School mwaka 1974 uliipigania fasihi simulizi katika shule za sekondari. Azimio la Asmara la mwaka 2000 likatamka usawa wa lugha za Kiafrika, na kutaka teknolojia ya kisasa itumiwe kuziendeleza.

Ni dhahiri kwamba mlango umezidi kupanuliwa. Lakini kinasa sauti kikimfikia mzee wa Cheptais ili kuchukua ngano yake tu, yeye hubaki kuwa ghala la wengine. Usawa utatimia atakapoitwa mkutanoni kama mtaalamu, aseme kwa lugha yake, na mkalimani awe ndiye mwenye kazi ya kutufikishia maneno yake.