Wanafunzi Waliopiga Hodi kwa Maskini

Mwaka 2033 Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kitatimiza miaka 200. Waumini wengi wa Afrika Mashariki wanawafahamu wanachama wake, Wavinsenti, kama majirani wa parokiani wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa au mjane wakiwa na unga na sukari mkononi. Wasiofahamika sana ni waanzilishi wake. Hakuwapo askofu, padri wala mtawa kati yao. Karibu wote walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu.

Mwaka 1832 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 18,000 jijini Paris, wengi wao wakiwa maskini waliobanana katika nyumba chafu. Katika jiji hilo Frédéric Ozanam, kijana aliyekulia Lyon, alikuwa akisomea sheria. Jioni alihudhuria midahalo iliyosimamiwa na Emmanuel Bailly, mwenye gazeti, ambako Wakatoliki na wapinzani wa Kanisa walishindana kwa hoja. Siku moja wapinzani waliuliza: Kanisa lilitenda mema zamani, lakini ninyi mnawafanyia nini maskini wa leo?

Swali hilo lilimchoma Ozanam, kwa sababu lilikuwa la haki. Tarehe 23 Aprili 1833, siku alipotimiza miaka 20, yeye na wenzake watano walikutana na Bailly katika ofisi ya gazeti, wakaazimia kuwahudumia maskini wao wenyewe.

Nia walikuwa nayo. Ujuzi hawakuwa nao.

Bailly akawaelekeza kwa Sista Rosalie Rendu wa shirika la Mabinti wa Upendo, aliyekuwa amehudumia mtaa wa Mouffetard kwa takriban miaka 30 na kuzijua familia zake nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyewapa majina ya familia za kutembelea na hati za kuchukulia mkate na makaa. Akawafundisha pia jinsi ya kuingia katika nyumba ya mtu mwenye dhiki: kubisha hodi kwa heshima, kuketi, kusikiliza kabla ya kushauri, kutomhukumu mwenye nyumba. Historia za chama humtaja Ozanam kwanza, na ni sawa, lakini bila mtawa huyu azimio la vijana wale huenda lingeishia katika maneno.

Utaratibu waliouanza ungali unafuatwa. Wanachama hukutana mara kwa mara, husali, hujadili hali ya kila familia, kisha huenda kuitembelea, kwa kawaida wawili wawili. Katika mkutano hupitishwa mfuko wa siri, kila mmoja akatia alicho nacho pasipo mwenzake kujua ni kiasi gani.

Chama kilienea upesi: Roma mwaka 1836, Dublin na London mwaka 1844, St. Louis nchini Marekani mwaka 1845. Ozanam, aliyekuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Sorbonne, hakuridhika na sadaka peke yake. Katika mihadhara yake ya sheria ya biashara mjini Lyon alitetea ujira wa haki kwa wafanyakazi, miongo kadhaa kabla ya Papa Leo XIII kulitolea waraka suala hilo mwaka 1891. Alifariki mwaka 1853, akiwa na umri wa miaka 40. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1997, na Sista Rosalie mwaka 2003.

Leo Wavinsenti wapo katika nchi zipatazo 150, Kenya na Tanzania zikiwemo, na idadi ya wanachama inakadiriwa kuwa 800,000. Chakula wanachopeleka huisha baada ya siku chache. Lakini mgeni anayerudi wiki inayofuata humwezesha mjane kueleza pia yale ambayo unga hauwezi kuyatatua, kama kodi ya nyumba au mtoto aliyeacha shule. Ndiyo maana chama kinahitaji watu wenye muda kuliko wenye mali. Msomaji mwenye nafasi hata ya alasiri moja kwa wiki aulizie parokiani kwake mkutano wa Wavinsenti hufanyika lini, kisha aende.