Magati ya Mwanza: Si Maji Yaliyoyaangusha

Gati kuukuu likionekana limebomoka kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, lawama hupewa maji. Lawama hiyo haikosi msingi: kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likafurika tena. Hata hivyo, ukifuatilia historia ya Mwanza utaona kwamba gati hufa pale njia ya biashara inapohama. Mawimbi huja baadaye kumalizia kazi. Kwa hiyo, kuhifadhi gati ni kuhifadhi kumbukumbu ya njia iliyolizaa.

Ushahidi wa kwanza ni Kageye, wilayani Magu. Mpelelezi Stanley alipofika huko mwaka 1875, tayari palikuwa na wafanyabiashara waliovuka ziwa kwa mashua. Wajerumani walipoweka boma Mwanza katika miaka ya 1890, shughuli zilihamia huko, na Kageye ikafifia bila kuzama. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, pamba ya Usukuma ilipakiwa melini kwenda kule, kisha ikashuka kwa treni hadi Mombasa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, na mizigo ikapata njia ya moja kwa moja kwenda Dar es Salaam.

Anayetetea hoja ya maji atauliza: je, mafuriko ya miaka ya 1960? Jibu limo katika miaka hiyo hiyo. Maji yakiwa juu, MV Victoria ilikuwa ikisafirisha abiria, na kufikia katikati ya muongo huo MV Umoja na MV Uhuru zilianza kuvusha mabehewa ya treni kati ya bandari za nchi tatu. Palipokuwa na mizigo na shirika la pamoja la kuihudumia, kina kipya cha maji hakikuzuia kazi. Pigo kubwa lilikuja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, meli zikagawanywa na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996, kulikoua mamia ya watu, kulitikisa imani ya abiria. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari yanavuka bila kusubiri kivuko: neema kwa wasafiri, na mwisho wa zama kwa magati ya pande zote mbili.

Wapo wanaosema magati haya ni mabaki ya ukoloni, hivyo hayastahili fedha za umma. Ni kweli yalijengwa ili mazao yatoke, lakini waliolima pamba, waliobeba marobota na waliosafiri kwenda kuuguza na kuzika ndugu zao walikuwa watu wa Usukuma, Ukerewe na Buhaya. Historia hiyo ni yao. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyapa kipaumbele majengo ya kale zaidi, lakini inampa waziri uwezo wa kutangaza mengine. Uwezo huo utumike sasa. Kila gati linaloachwa lipimwe, lipigwe picha, na mabaharia na makuli wazee waliolitumia wahojiwe wangali hai.